Wauza nyuzi wa Tabora, acheni kutuuzia akriliki (uzi wa plastiki) kwa jina la sufu

Ndugu wafumaji wenzangu wa Tabora na kwingineko, naleta malalamiko haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika duka moja la nyuzi hapa mjini niliuliza waziwazi, nikajibiwa waziwazi kwamba madonge meupe yaliyokuwa rafuni ni sufu tupu. Hayakuwa na lebo. Muuzaji alidai kwamba karatasi huchanika mzigo unapotoka Dar es Salaam, jibu ambalo naliona kuwa ni dharau, kwa sababu biskuti zinasafiri njia hiyohiyo na karatasi zake hufika salama.

Kazi yenyewe ilikuwa shali ya pembetatu yenye matundu, inayofumwa kwa nyuzi mbili zinazokwenda pamoja kwenye sindano: uzi mwembamba wa sufu, na uzi wa moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora (mbuzi, si sungura kama muuzaji huyo alivyong'ang'ania), uliochanganywa na hariri. Wanaofuma hivyo wanajua kwa nini wanajisumbua. Sufu huipa shali uzito wa kutulia mabegani na kuonyesha mchoro. Moheri huleta joto na manyoya laini yanayoelea juu ya kitambaa. Na kwa kuwa nyuzi zote mbili ni nyembamba, sindano za milimita 5 hutosha kuacha matundu wazi.

Hata hivyo, shali ya namna hiyo haimalizikii kwenye sindano. Ikitolewa huwa imejikunja na kubanana, na mchoro hauonekani vizuri mpaka iloweshwe katika maji ya uvuguvugu, ikamuliwe bila kusokotwa, itandazwe juu ya godoro na kubanwa kwa pini hadi ikauke. Sufu ikikaukia katika umbo hilo hulishika mpaka itakapofuliwa tena. Akriliki hailishiki kwa maji peke yake. Huhitaji joto la mvuke, na joto likizidi kidogo uzi hulegea na haurudi tena katika hali yake.

Nilipotoa pini, sehemu ya juu ya shali ilibaki kama ilivyotandazwa, lakini sehemu ya chini, iliyofumwa kwa madonge mengine kutoka rafu ileile, ilinywea na matundu yakajifunga. Nikachoma ncha za nyuzi zilizobaki. Uzi wa mnyama hunuka kama nywele zinazoungua, hujizima ukiondolewa motoni na huacha majivu yanayosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kitonge kigumu. Katika madonge yale nilipata vyote viwili. Kwa hiyo nimeuziwa mchanganyiko, na wote kwa bei ya sufu.

Msiniambie nifumue. Aliyewahi kufumua moheri anajua kwamba manyoya yake hushikana kitanzi kwa kitanzi, na ukivuta kwa nguvu uzi unakatika, hasa unapokuwa umefungamana na uzi wa pili. Moheri hiyo, ambayo kwa kawaida donge lake la gramu 25 lina takribani mita 200 tu, niliinunua kwa bei ya kuumiza, nayo imepotea pamoja na akriliki yao. Mteja alitaka shali kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, na sasa anadai malipo yake ya awali, ambayo ni haki yake.

Lebo si pambo. Ndiyo inayomweleza mfumaji malighafi, uzito, urefu, namna ya kufua na namba ya rangi, na anayefuma nyuzi mbili pamoja anaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu uzi mmoja ukinywea katika maji na mwingine usinywee, kitambaa chote hukunjamana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, kwa hiyo sitakubali kauli ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" iliyobandikwa ukutani pale. Risiti ninayo, ncha zilizochomwa ninazo, na shali ninayo. Nataka nirudishiwe fedha ya sufu na ya moheri pia. Aliyeuziwa madonge hayo meupe yasiyo na lebo achome ncha kabla hajaanza kufuma, na kama naye amedanganywa, aandike hapa ili twende dukani pamoja.