Kichezaji cha vitufe au simu? Tulinganishe vifaa vya vitabu vya kusikiliza kwa wasioona

Msomaji_wa_Usiku
Habari za humu, wandugu. Mimi sioni kabisa, vitabu nasoma kwa masikio. Mpaka sasa natumia simu tu, ila nataka kujua kama kuna haja ya kuwa na kichezaji maalumu, hivi vyenye vitufe vilivyotengenezwa kwa ajili yetu. Ninavyovifikiria ni Victor Reader Stream ya HumanWare, SensePlayer ya HIMS na Milestone ya Bones. La sivyo nibaki na simu, niweke EasyReader, programu ya kusomea vitabu. Nasoma vitabu vya masomo, ambavyo lazima niweze kuruka hadi ukurasa fulani, na riwaya za kusikiliza kitandani. Mlionavyo mnasemaje? Tafadhali msiniambie "vyote ni vizuri".

FundiKadi
Kabla hatujagusa vifaa: vitabu vyako viko katika muundo gani? Watu wengi huanza na kifaa, kisha wanagundua vitabu walivyonavyo haviendani nacho.

Kama ni MP3 tupu, kifaa chochote kitakusomea. Kama ni DAISY, yaani muundo wa vitabu vya kidijitali uliotengenezwa kwa wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, mambo ni mengine. Muungano wa DAISY uliundwa mwaka 1996 na maktaba za vitabu vya kusikiliza zilizotaka kuhama kutoka kaseti, na walichokifanya ni kuupa mpangilio wa kitabu chenyewe nafasi ndani ya sauti: sura, sehemu ndogo, kurasa. Kwenye Stream, kitufe cha 2 na cha 8 hubadilisha ngazi, kisha 4 hukurudisha nyuma na 6 hukupeleka mbele kwa ngazi uliyochagua. Mhadhiri akitaja ukurasa wa 143, unabonyeza kitufe cha kwenda ukurasa, unaandika 143, unathibitisha kwa alama ya reli (#), umefika wakati wenzako bado wanafunua karatasi. Ila aliyetengeneza kitabu awe ameweka alama za kurasa. Faili moja ya MP3 ya saa tisa haina ukurasa wa 143, hata ukiiweka kwenye kifaa gani.

BintiWaVitabu
Hapo FundiKadi nakubali, ila uendako hapana. Usimfanye mwenzetu aamini kwamba DAISY ni ya vifaa vya vitufe peke yake. EasyReader ni ya bure, iko kwenye iPhone na Android, inafungua DAISY, inaruka kurasa, na inaingia moja kwa moja Bookshare, ile maktaba ya mtandaoni ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Stream nayo inapakua Bookshare kwa Wi-Fi, sawa. Lakini vitabu vingi vya Bookshare ni maandishi, kwa hiyo kinachokusomea ni sauti ya mashine, na hapo ndipo simu inapoviacha vifaa hivi nyuma sana.

Stream inakuja na sauti za lugha kubwa za Ulaya. Weka humo kitabu cha Kiswahili cha maandishi uone: sauti ya Kiingereza inakitafuna kila neno mpaka huelewi ni lugha gani. Kwenye Android sauti ya Kiswahili ya Google ipo, na ukitaka sauti kavu inayokimbia kuna eSpeak NG, nayo ina Kiswahili. Anayesoma maandishi ya Kiswahili sioni kwa nini ahangaike na kifaa kingine.

MwalimuMstaafu
Mabinti wa siku hizi mna vidole vyepesi. Mimi macho yaliniacha nikiwa mtu mzima, na kioo cha simu kwangu ni uwanja usio na alama. Ukigusa pembeni kidogo umefungua kitu usichokitaka, kisomaji skrini kinaanza kukuelezea mambo ambayo hukuuliza, na kitabu kimenyamaza. Kwenye Stream kitufe cha 5 kina nundu, kidole kinajipanga chenyewe. Ukikibonyeza kinakutajia ulipo. Naendesha kwa mkono mmoja, kifaa kiko mfukoni, sikitoi.

Na kuhusu riwaya za kitandani: kuna kitufe cha usingizi. Unakibonyeza, kinasema dakika 15, tena 30, tena 45, tena 60, unachagua ukiwa nusu umelala. Najua simu nayo ina kipima muda. Kitafute basi usiku wa manane katikati ya menyu, huku ujumbe wa kundi la familia unasomwa kwa sauti.

Kwa wazee ambao hata vitufe kumi na viwili vya namba ni vingi, HumanWare walitengeneza Victor Reader Stratus ya mezani, na toleo lake moja lina vitufe vinne vya mishale badala ya namba. Inacheza na CD. Kusafiri nayo hapana, lakini kwenye meza kando ya kiti inamtosha mtu anayetaka kusikiliza tu.

Msomaji_wa_Usiku
Shikamoo mwalimu. Suala la ujumbe kusomwa katikati ya riwaya limenigusa, asante. Dada BintiWaVitabu, vitabu vyangu vya masomo karibu vyote ni DAISY yenye sauti ya mtu, na baadhi ni Word ninazotumiwa na chuo, za Kiingereza. Kwa hiyo tatizo la sauti ya Kiswahili linanihusu kidogo tu. Je, SensePlayer na Milestone hakuna mwenye la kusema?

SikioKali
Mimi niseme. SensePlayer, lile toleo la OCR (la kusoma maandishi yaliyochapishwa), ina kamera: unaielekeza kwenye karatasi iliyochapishwa, inakusomea. Kama chuo kinakupa karatasi za mkononi mara kwa mara, hiyo si anasa. Ina vitufe halisi kama Stream. Kasoro yake kwangu ni kwamba imejaa mambo. Menyu ndani ya menyu. Anayetaka kitabu na kulala atachoka.

Milestone ni mradi wa Waswisi, ni ndogo sana, ina vitufe vichache unavyovijua kwa kugusa mara moja. Kwa kurekodi sauti iko vizuri mno, unabonyeza unaongea. Lakini haina pedi ya namba. Wewe unayerukia kurasa darasani utaandikaje 143? Kwako naiondoa kabisa.

BintiWaVitabu
Kama ni DAISY ya sauti na Word za Kiingereza, basi Stream inaelekea kushinda, nakiri. Word ya docx inaisoma yenyewe, na vitabu vya kielektroniki vya EPUB pia. Lakini simu usiiache, siku utakayopata kitabu cha Kiswahili cha maandishi utaihitaji. Tena angalia jambo moja kabla ya kununua: maktaba nyingine hufunga vitabu vyao kwa ufunguo wa kidijitali, na kifaa lazima kisajiliwe kwao ndipo kifungue. Waulize wanakubali vifaa gani.

Msomaji_wa_Usiku
Nitawauliza. Naelekea Stream, na simu inabaki kwa Kiswahili. Swali la mwisho: riwaya zangu ni folda za MP3, nazihamishaje bila kuvuruga? Rafiki yangu kila akirudi kwenye kitabu anakuta kimeanza upya.

FundiKadi
Huyo rafiki yako bila shaka anaziweka kwenye folda ya muziki. Kwenye kadi ya kumbukumbu, Stream hutumia folda zenye majina maalumu: $VRDTB ni ya DAISY, $VROtherBooks ni ya vitabu vya MP3, $VRMusic ya muziki, $VRText ya maandishi. Ndani ya $VROtherBooks kila folda ndogo huhesabiwa kuwa kitabu kimoja, na kila kimoja hukumbuka ulipoishia. Kwenye $VRMusic vyote huchukuliwa kama kitabu kimoja kikubwa, kwa hiyo ukihamia riwaya nyingine umepoteza mahali pa ile ya kwanza.

Basi riwaya moja, folda moja, ndani ya $VROtherBooks. Na majina ya faili yaanze na 01, 02, 03 badala ya 1, 2, 3, maana vifaa vingi hupanga kwa jina, na sura ya 10 inaweza kukurukia mbele ya sura ya 2.