Tupeane uzoefu: YAML ilikuingiaje kichwani?

Wakuu, habari za leo. YAML, yaani namna ya kuandika data na mipangilio ya programu kwenye faili la maandishi, ipo tangu 2001, na leo zana za kuendesha programu na seva kama Docker Compose, Kubernetes na Ansible zote zinataka uijue. Vijana wengi wananakili tu mafaili ya wenzao. Nini kilikufungua macho? Kwangu ilikuwa kuandika data ileile mara mbili, kwanza kwa JSON (namna nyingine ya kuandika data, inayotumia mabano) kisha kwa YAML. Mabano yote yanaondoka, na kazi yake inafanywa na nafasi za mwanzo wa mstari. Jina, nukta pacha, nafasi moja, thamani. Orodha ni kistari na nafasi.

Fundi Mitambo: Mkuu, ongeza kitufe cha Tab. YAML haikitambui kabisa kwenye kusogeza mstari ndani. Mwanafunzi wangu yeyote, kabla ya somo la kwanza, anaweka VS Code, programu yake ya kuandikia, igeuze Tab kuwa nafasi mbili.

Dada wa Data: Mimi nimejifunza kwa namba za simu. Tulikuwa na orodha ya wateja wa duka. Baadhi ya namba za 07 zilisomeka sawa, nyingine zikatoka namba za ajabu, tukakesha. Zenye 8 au 9 ndani yake zote zilikuwa salama! PyYAML, maktaba ya Python ya kusoma YAML, inafuata toleo la 1.1 la YAML, na humo namba inayoanza na sifuri, yenye tarakimu 0 hadi 7 tu, inahesabiwa kwa kizio cha nane. Toleo la 1.2 la 2009 limeondoa hilo, ila nalo linaisoma kama namba ya kawaida, sifuri ya mwanzo inapotea. Namba ya simu ni maandishi, ifungie ndani ya alama za kunukuu.

Bin Pwani: Dada umenena. Humo kwenye 1.1, saa 12:30 inakuwa 750, yaani 12 mara 60, jumlisha 30. Na NO, kifupi cha Norway, inasomwa kama false, yaani "si kweli".

Mwalimu wa Tehama: Ndiyo maana darasani kwangu kila faili linapitishwa kwenye yq, programu ndogo ya kusoma YAML, na kugeuzwa JSON. Hapo mwanafunzi anaona kompyuta imeelewa nini: alama za kunukuu zipo au hazipo, orodha imeingia chini ya nani. Ukiwa na ujumbe mrefu wa SMS, jaribu pia alama za | na >. Ya kwanza inatunza mistari kama ulivyoikata, ya pili inaiunganisha.