Mrejesho: chekeche la ngoma la mahindi, Makambako

Wakuu, nilileta hapa kilio cha chekeche langu la ngoma (pipa lenye matundu linalozunguka likiwa limeinama, punje zipenye na takataka zitokee mwisho): mahindi mazima yalikuwa yanatokea mdomo wa takataka pamoja na vipande vya magunzi. Asanteni sana mliojibu.

Aliyesema tuanze na mteremko alipatia. Fundi alishusha miguu ya upande wa kuingizia, ngoma ikalala zaidi, punje zikapata muda wa kupenya matundu. Kisha tukafunga puli kubwa kwenye ekseli ya ngoma ili izunguke polepole, na hiyo ndiyo iliyomaliza kazi. Kabla yake ngoma ilikimbia mpaka mahindi yananata ukutani badala ya kuporomoka. Sasa ukichungulia unayaona yanapanda kidogo, yanadondoka, yanajichekecha.

Kuongeza kasi ya feni ya kupepeta makapi hakukunisaidia. Ilipeperusha hata punje nyepesi, nikairudisha ilipokuwa. Na mawe yenye ukubwa wa punje bado yanapita, maana matundu hupima ukubwa tu, si uzito. Hayo kina mama wanayachambua kwa mkono, na bei yao (wana haki) imepanda.

Mwenye mahindi yenye unyevu asihangaike na puli kwanza, ayaanike. Yangu yaliziba matundu hadi brashi ikashindwa.