Jiji likichonga kiwanja chake, udongo unaobaki uende wapi?

MTOA MADA, Tanga mjini

Wana-Tanga wenzangu, habari zenu. Naleta hoja ambayo tunaizungumza vijiweni na kwenye daladala lakini haifiki mezani. Kiwanja ni mali ya Jiji, kinasawazishwa ili lijengwe soko, stendi au shule. Kijiko kinachimba, na udongo unaotoka unazidi ule wa kujazia. Huo wa ziada ni wa nani, na upelekwe wapi?

Wapo wanaotaka ugawiwe bure kwa wananchi. Wapo wanaotaka uuzwe, fedha ziingie Halmashauri. Wengine wanasema mkandarasi aachiwe auondoe anavyojua, mradi eneo libaki safi.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Hao wa mwisho sikubaliani nao hata kidogo, na hao wawili wa mwanzo naona wanaanza kuuliza wakati mambo yameshaharibika. Suala la udongo lijibiwe kwenye michoro na kwenye mkataba, kabla kijiko hakijafika kiwanjani.

Tupige hesabu kidogo. Hekta moja ikichongwa mita 1 inatoa mita za ujazo 10,000 kama zilivyolala ardhini. Udongo ukichimbwa unavimba, na mfinyanzi unaweza kuongezeka robo nzima au zaidi. Tuchukue robo: sasa unazo 12,500 za kubeba. Kwa tipa ya mita za ujazo 10, hizo ni tripu 1,250 zinazopita mitaani kwetu. Mhandisi akipandisha usawa wa jamvi, yaani sakafu ya chini ya jengo, kwa sentimita 20 tu, uchimbaji unashuka hadi mita za ujazo 8,000, zikivimba ni 10,000, tripu 1,000. Tripu 250 zimefutwa na kalamu, pamoja na dizeli yake na vumbi lake. Kazi hiyo hakuna awezaye kuifanya baada ya shimo kuchimbwa.

Na shimo likishachimbwa bila mpango, udongo unakwenda palipo karibu. Kwa mji wetu, palipo karibu ni bondeni, kwenye njia ya maji, au pembeni ya mikoko. Unamwagwa Januari, watu wanasahau. Masika ikiingia Machi, maji yanatafuta njia yao ya siku zote, yanakuta kilima, yanageukia vyumbani mwa watu. Hilo ndilo linaloniuma. Naomba michango yenu.

MKAZI WA BONDENI

Dada mtoa mada, nimekusoma kwa heshima, lakini wewe unaongelea michoro, mimi naongelea mlango wangu. Barabara ya mbele imepandishwa mara mbili, nyumba yangu imebaki chini. Mvua ya nusu saa, uani ni dimbwi. Kifusi nanunua kwa kudunduliza, tripu moja moja. Halafu nione tipa za udongo wa kiwanja cha umma zinapita kwenda kumwaga porini? Udongo ule ni wetu. Tugawieni, kila mtu ajaze kwake, kazi imekwisha.

DEREVA WA TIPA

Naomba na sisi tusikilizwe, maana kila udongo ukikutwa mahali pabaya anatajwa dereva. Mimi nalipwa kwa tripu. Nikipewa pa kumwaga palipo wazi, namwaga hapo hapo, sina faida ya kwenda pengine. Tatizo ni kwamba nafika nakuta geti limefungwa, au mwenye eneo anasema hajui lolote. Nyuma yangu kuna gari nyingine tatu, kijiko kinasubiri, tajiri anapiga simu. Hapo ndipo mtu anamwaga popote. Mnaotunga mpango, wekeni mtu wa kupokea pale mwisho wa safari. Karatasi peke yake haipokei mzigo.

FUNDI WA MAABARA YA UDONGO

Niongeze jambo ambalo naona limepitwa. Mnasema "udongo" kana kwamba ni kitu kimoja. Kiwanja kimoja kinaweza kutoa aina tatu ndani ya mita 2.

Juu kabisa kuna udongo wa rutuba, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30. Huo usichanganywe na kifusi, una mizizi na mboji, ukiuweka chini ya sakafu unaoza na kudidimia. Utolewe kwanza, ulundikwe kando kwa kimo kidogo, urudishwe mwishoni kwenye bustani na kingo. Chini yake unaweza kukuta udongo mwekundu wenye mchanga, ambao ukipimwa pengine unaingia daraja la G7 au hata G15, yaani unafaa kujazia barabara. Chini zaidi unaweza kukuta mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo ukimpa mtu ajazie msingi, umempa nyufa.

Kaka wa bondeni, hili linakuhusu. Cha bure kisichopimwa kinaweza kukugharimu ukuta. Na hata ukipata kizuri, usimwage lori zima ukasawazisha kwa koleo ukajenga juu yake. Tandaza tabaka lisilozidi sentimita 20, nyunyizia maji, shindilia, ndipo uweke lingine.

Ninachowaomba wanaosimamia miradi ya umma ni kuchimba mashimo machache ya majaribio na kupima kabla ya kuchonga. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kusomba mzigo usiojua unafaa wapi.

MAMA WA SAHARE

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mnazungumzia nchi kavu tu. Udongo uliolundikwa bila nyasi wala mtaro mvua ikinyesha unatelemka hadi baharini, tunauona kwa macho, maji yanakuwa mekundu. Tope likitua juu ya nyasi za baharini na matumbawe linaziba, na samaki wadogo wanakulia humo humo. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti imetangazwa tangu 2009, halafu juu tunamwaga udongo. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Mikoko isiitwe jalala kwa sababu tu haina anayepiga kelele.

MTOA MADA

Ahsante mama, marahaba. Hilo la tope nililiacha, na ni zito. Lundo likikaa kiwanjani kupita msimu wa mvua lichongwe mteremko wa pole, kama mita 2 mlalo kwa kila mita 1 ya kimo, lizungushiwe mtaro wenye shimo la kutulizia tope, na lipandwe nyasi.

Kaka wa bondeni, sikupuuzi. Lakini fikiria mtaa mzima. Wewe ukijaza sentimita 50, maji yaliyokuwa uani kwako yanahamia kwa jirani. Akijaza naye, yanahamia kwa bibi mjane ambaye hana hata wa kumsambazia udongo. Mgawo wa bure bila ramani ya maji unamfikia kwanza mwenye nguvu, na dimbwi linaishia kwa asiye nayo. Ndiyo maana nataka udongo uliopimwa uende kwanza kwenye kazi za umma zenye mashimo ya kweli: viwanja vya shule, maeneo ya zahanati, barabara za mitaa. Hapo napo pana kikwazo. Tangu 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, wakati kiwanja ni cha Halmashauri. Ofisi moja ina udongo wa kutupa, nyingine inanunua moramu, udongo wa changarawe wa kujengea barabara, wa kubebwa kutoka mbali, kwa kodi ile ile ya mwananchi. Wakikutana mezani kabla ya zabuni, nusu ya tatizo imeisha.

Kuhusu kuuza, sipingi moja kwa moja. Ila vifaa kama mchanga, kokoto na mfinyanzi vikitumika kujengea vinahesabika madini ya ujenzi kwa Sheria ya Madini ya 2010, kwa hiyo Halmashauri isianze kuuza kabla ya kulimaliza hilo na Tume ya Madini. Na jambo kubwa zaidi: mkandarasi analipwa na mkataba auondoe udongo. Akiuuza tena, amelipwa mara mbili kwa mali ya umma. Mkataba useme waziwazi udongo unabaki mali ya nani, na kila tripu iwe na stakabadhi ya vipande viwili: cha kutokea na cha kupokelewa. Tripu isiyo na kipande cha pili isilipwe.

DEREVA WA TIPA

Hiyo ya vipande viwili naiunga mkono, hata mimi inanilinda. Ila mpokeaji awepo hadi saa kumi na mbili jioni, asiondoke saa tisa.

MKAZI WA BONDENI

Suala la jirani limenigusa, kwa sababu anayepakana nami kwa chini ni mama mtu mzima anayeishi na wajukuu. Lakini mtaro tumeuomba muda mrefu, na kila mwaka tunaambiwa bajeti. Basi nakubali shule na barabara zitangulie, na nakubali ramani ya maji itangulie mgawo. Kwa sharti hili: ramani hiyo ibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya Masika, na mwenyekiti aitishe mkutano atusomee nyumba zilizomo na zisizomo, tukiwa tumekaa pale wote, na mhandisi akiwepo kujibu.