Naomba ushauri: ngozi ya uso inabanduka baada ya kuungua na jua

Ndugu zangu, wiki iliyopita nilipanda Mlima Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali sikufikiria kabisa kupaka kinga ya jua, kumbe kule juu mionzi ni mikali zaidi na theluji huirudisha usoni. Sasa ngozi ya pua na masikio inabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake panawasha. Ninanawa kwa maji ya baridi na kupaka utomvu wa mshubiri, wala sivuti magamba. Shangazi anasisitiza nisugue kwa dodoki, jambo ninalolitilia shaka. Je, mafuta ya nazi yanafaa sasa, au nitafute losheni isiyo na manukato?