Naomba ushauri: jaribio la mwendo kugeuka joto, kidato cha tatu

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na tumefika kwenye aina za nishati. Wanafunzi wanakariri vizuri tu: mwendo, joto, umeme, mwanga. Ila kwamba mwendo wenyewe unageuka joto, hilo wanalimeza bila kuliamini.

Nimewasimulia habari za mwanasayansi Rumford, aliyeeleza mwaka 1798 jinsi kutoboa mzinga wa vita kwa kekee butu kule Munich, Ujerumani, kulivyochemsha maji bila moto. Wakachangamka. Nikaja kwa James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia Uingereza, aliyefunga mizigo kwenye kamba ili ikishuka izungushe mapanga ndani ya maji. Msichana mmoja akauliza: maji yalipata moto kiasi gani? Swali zuri sana, na ndilo linalonisumbua. Maji lazima yaanguke kama mita 427 ndipo yaongezeke nyuzi 1 tu ya Selsiasi. Kipimajoto chetu hakioni hata robo ya nyuzi.

Vitabuni wanatumia bomba la mita 1 lenye punje za risasi (ile metali nzito, lead). Ukiligeuza mara 50, punje zikianguka kila mara, joto linapanda karibu nyuzi 4. Risasi sina, na ni sumu, sitaki watoto waishike. Mchanga mkavu kwa hesabu zangu unatoa nyuzi 0.6, misumari midogo ya chuma kama nyuzi 1.

Aliyewahi kulifanya anisaidie: nitumie kitu gani kingine? Na bomba la plastiki nilifunike kwa nini ili joto lisipotee kabla hatujapima?