Tupeane uzoefu: unamkingaje na jua mtoto mwenye ualbino?

Habari wapendwa. Binti yangu ana ualbino, ana miaka tisa, tunaishi Shinyanga. Mwaka jana alitoka kidonda juu ya sikio, kidogo kama punje ya mtama. Nikadhani kajikwaruza. Gaga likidondoka, linaota jingine. Wiki ya sita nikampeleka kliniki ya ngozi, wakakigandisha kwa naitrojeni, kikapona. Daktari alisema vya namna hiyo vikiachwa vinaweza kugeuka saratani. Usoni nilikuwa nampaka mafuta ya kukinga jua vizuri kila asubuhi. Masikio ndiyo niliyasahau. Iliniuma sana.

Sasa nampaka nusu saa kabla hajatoka: masikio, kisogoni, hadi juu ya miguu pale ndala isipofunika. Lakini mafuta yanatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili, na akiwa shule nani atampaka? Wenzangu mnafanyaje?

Mama Mapacha, Mwanza
Pole dada. Wangu walikatazwa kofia paredi, eti si sare. Nilikwenda na barua ya daktari, nikamfunulia mwalimu shingo ya mtoto ilivyobabuka. Hakubisha tena. Sasa wanasimama chini ya mwembe, mikono mirefu, na mwalimu wa darasa anawakumbusha kupaka kengele ya mapumziko ikilia. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo nje.

Mkulima, Geita
Mimi mwenyewe nina ualbino, nina miaka 41. Utotoni nilipakwa mafuta ya nazi tu, na hayo hayakingi jua. Nimeshapasuliwa mdomo wa chini mara mbili. Shambani naingia alfajiri, saa nne natoka, narudi saa kumi jioni. Mawingu yasiwadanganye: siku niliyobabuka kuliko zote, jua halikuonekana kabisa. Ulizieni pia Kilisun kwenye kliniki za ngozi, mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yetu.

Baba Neema
Na mafuta yakiisha katikati ya mwezi?

Mwanzisha uzi
Hapo nguo ndiyo kinga, kaka. Ukienda mtumbani, inyanyue shati uitazame kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, irudishe, tafuta iliyofumwa nzito. Mama Mapacha, hiyo barua ya daktari naifuata Jumatatu.